Chama cha Ukombozi Kikishika Dola: Safari ya TANU Tangu Mkutano wa Tabora

Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walikutana hapa Tabora kujadili jambo lililokaribia kukigawa chama: kushiriki au kususia uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpigakura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, huku haki yenyewe ya kupiga kura ikiwa imefungwa kwa masharti ya kipato, elimu au kazi. Wengi walipendelea kususia. Mwalimu Julius Nyerere, kiongozi wa chama, aliwashawishi wakubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu, ambaye hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama chake. Mkutano huo unastahili kufundishwa kwa sababu chama kisicho na dola hakina polisi, hazina wala vyeo vya kugawa. Kiongozi wake hana budi kushawishi.

Baada ya Uhuru wa 9 Desemba 1961, makada hodari walichukuliwa na serikali. Nyerere aliiona hatari hiyo mapema, na Januari 1962 akamwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu ili akakijenge chama upya. Ni uamuzi ambao viongozi wachache sana wa ukombozi wamewahi kuufanya, lakini haukubadili mkondo wa mambo. Mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa, hivyo mwananchi aliyekwenda chamani kuilalamikia serikali alimkuta mtu yuleyule. Mwaka 1964 shirikisho huru la wafanyakazi lilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamana na TANU, na mwaka uliofuata mfumo wa chama kimoja ukawa sheria.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba ushindani ulikufa. Katika uchaguzi wa 1965 majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, na baadhi ya mawaziri waliangushwa. Kilichopungua, kwa maoni yangu, ni uwezo wa mwanachama kuihoji sera yenyewe. Aliweza kumbadilisha mbunge, si mwelekeo.

Wala mfumo wa chama kimoja si chanzo pekee cha mabadiliko haya. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilitawala tangu 1994 katikati ya vyama vingi, na bado nafasi za serikali zikawa kiini cha mivutano yake ya ndani. Mei 2024 ilipata chini ya nusu ya kura, ikalazimika kuwashawishi wapinzani wake waunde nayo serikali.