Kauri hung'aa bila kupakwa kitu

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu kauri, yale magamba ya konokono wa baharini, ni hili: zimepakwa vanishi gani hata zikang'aa vile? Hazijapakwa chochote. Mng'ao huo ni kazi ya konokono mwenyewe.

Chukua kauri mwenye pete, Monetaria annulus, yule mdogo wa sentimita 2 hivi, mwenye duara la rangi ya chungwa mgongoni, anayepatikana kwa wingi kwenye pwani yetu. Mchana hujibanza chini ya mawe na kwenye majani ya bahari; usiku hutoka kula mwani. Akitembea, mikunjo miwili ya nyama hupanda, mmoja kulia mwingine kushoto, ikakutana mgongoni na kulificha gamba lote. Usiyemjua utadhani ni jongoo bahari mchanga. Mguse: nyama inajivuta polepole, gamba linajitokeza safi, halina mwani wala mkwaruzo. Nyama hiyohiyo ndiyo inayotandaza chokaa juu ya gamba, tabaka juu ya tabaka. Konokono wengi hawawezi hilo. Mgongo ukichakaa, umechakaa.

Ukubwa nao huwapoteza watu. Kauri mdogo si lazima awe mtoto. Mtoto ana gamba jembamba, rahisi kuvunjika, mdomo wazi, meno hana. Akikomaa, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, unabaki mwanya tu, na meno huota pande zote mbili. Tangu hapo harefuki tena. Gamba huongezeka unene. Kwa hiyo mpindue uangalie meno, rula iache mfukoni.

Gamba gumu kiasi hicho, halivunjiki ovyo, lilifaa kuwa fedha. Afrika Magharibi walilitumia hivyo kwa karne nyingi, hasa la kauri mwingine, Monetaria moneta, wa visiwa vya Maldivi. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg wakaanza kupakia kauri wetu wenye pete kutoka Zanzibar, waliopatikana kwa bei ya chini mno, wakawamwaga Afrika Magharibi kwa shehena hadi thamani ya fedha hiyo ikaporomoka. Mfumuko wa bei wa konokono, ukipenda.

Siku hizi kauri huishia kwenye mapambo, na hapo nina ugomvi kidogo na wauzaji wanaoapa kwamba zao zimeokotwa ufukweni. Ikikaa ufukweni, jua na mchanga huila: pete hufifia, mgongo hupauka. Ile inayong'aa dukani, kwa kawaida ilichukuliwa mwenyewe akiwa bado yumo ndani. Kama unatafuta kete za kuchezea bao, zilizopauka zinatosha kabisa.