Kutambuliwa rasmi: Waigbo wa Marekani hupewa nini hasa?

"Jiji limeitambua rasmi jamii ya Waigbo." Habari ya namna hii ikiingia kwenye makundi ya WhatsApp, wapo wanaodhani watu wamegawiwa ardhi au viti vya udiwani. Mara nyingi kilichotolewa ni karatasi moja yenye muhuri, ndani ya fremu: tamko la meya.

Waigbo asili yao ni kusini-mashariki mwa Nigeria, katika majimbo ya Abia, Anambra, Ebonyi, Enugu na Imo. Baada ya vita vya Biafra (1967–1970), eneo lao lilipojaribu kujitenga na Nigeria, wengi walikwenda Marekani kusoma, wakaajiriwa, wakabaki. Houston, Texas, ni miongoni mwa miji wanakoonekana sana. Popote wanapotua huanzisha vyama vya watu wa mji mmoja wa nyumbani: michango ya misiba, ada za kila mwezi, na Iri Ji, sherehe ya viazi vikuu vipya, kuanzia Agosti hivi.

Chama kama hicho kikitaka kujulikana na serikali, hatua ya kwanza haina shamrashamra. Kinasajiliwa jimboni, kisha kinaomba msamaha wa kodi ya shirikisho chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kinachohusu mashirika ya hisani. Huko ndiko kutambuliwa kwenye nguvu ya kisheria: chama kinafungua akaunti kwa jina lake, na anayekichangia anaweza kupunguziwa kodi.

Tamko la meya ni jambo jingine. Wakazi huliomba wiki kadhaa kabla ya sherehe, na ofisi nyingi huwataka waombaji wenyewe walete rasimu. Lina muundo wake: "Kwa kuwa Waigbo wamechangia hospitali, shule na biashara za mji huu... Kwa kuwa... Hivyo basi, mimi, Meya, natangaza siku hii kuwa Siku ya Waigbo." Anayesifiwa, basi, mara nyingi ndiye aliyeandika sifa zake! Halina bajeti wala haki mpya ndani yake. Azimio la baraza la jiji lina uzito zaidi kidogo, kwa sababu madiwani hulipigia kura na jambo likaingia kwenye kumbukumbu za kikao, ingawa nalo likiwa la heshima tu halibadilishi sheria.

Mimi naona thamani iko kwenye pilikapilika za kulipata. Lazima mtu amjue karani wa jiji na diwani wa eneo lake, ahudhurie vikao, asimame kwenye kipaza sauti kwa zile dakika mbili au tatu wanazopewa wananchi. Chama kilichozoea hayo, siku mkazi anapolalamikia taa za barabarani au kibali cha ukumbi, kinajua mlango wa kubisha. Chama kilichokwenda kupiga picha na meya kikaondoka kitabaki na fremu ukutani.

Tusichanganye pia na cheo cha Eze Ndi Igbo, "mfalme wa Waigbo", ambacho baadhi ya watu hukitwaa nje ya nchi yao ya asili. Hicho hutoka kwa jamii yenyewe, na kimezua ugomvi na wenyeji na hata na Waigbo wenzao. Wao wenyewe wana msemo, Igbo enwe eze: Waigbo hawana mfalme.

Takwimu nazo ni aina ya kutambuliwa. Katika jedwali la lugha zinazozungumzwa majumbani la Idara ya Sensa ya Marekani, Kiigbo kimetajwa kwa jina pamoja na Kiyoruba na Kitwi, na Kiswahili kiko kwenye kundi la lugha za kati, mashariki na kusini mwa Afrika. Hata hivyo, sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura zitafsiriwe inahusu Kihispania, lugha za Asia, na za wenyeji asilia wa Marekani na Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Kwa Waigbo wengi, waliosoma kwa Kiingereza tangu Nigeria, hilo si kikwazo kikubwa. Kwa aliyekuwa mkimbizi wa Kongo, akapata uraia na haki ya kupiga kura, lakini anasoma Kiswahili tu, tafsiri itategemea jimbo lake au kaunti yake, na kama kuna watu wake waliokwenda kuidai.