Je, wajua? Upanga wa Kijapani una cheti chake, na polisi si wanaokitoa

Kila mwaka majira ya vuli, jijini Tokyo, hufanyika soko kubwa la panga liitwalo Dai Token Ichi. Wauzaji kutoka pembe zote za Japani hukutana katika jengo la Tokyo Bijutsu Club, si mbali na stesheni ya Shimbashi, wakapanga mezani panga zilizofuliwa mamia ya miaka iliyopita. Wakusanyaji wengi huja kwa treni. Hebu mfikirie mmoja wao: begani ana mfuko mrefu, na ndani yake mmelala chuma cha sentimita 70 chenye makali ya wembe. Anapita mbele ya kituo kidogo cha polisi, anaendelea na safari yake. Nyuma yake anakuja kijana mwenye kisu cha ala mkobani, makali yake sentimita 7 tu, alichokisahau tangu alipokwenda kupiga kambi. Akisimamishwa, huyo kijana ndiye atakayekuwa na kesi.

Inakuwaje mwenye upanga apite na mwenye kisu akwame?

Sheria inayohusika ni ya mwaka 1958, inayodhibiti bunduki na panga. Kwa mujibu wake, chuma chenye makali ya sentimita 15 au zaidi kilichoundwa kama upanga hakiruhusiwi kumilikiwa na raia. Marufuku hiyo ina mlango ulioachwa wazi: upanga ukisajiliwa kuwa kazi ya sanaa au kitu cha kale, mtu yeyote anaweza kuwa nao, bila leseni ya umiliki. Na anayesajili ni bodi ya elimu ya mkoa. Ndiyo, ofisi ileile inayosimamia shule na urithi wa utamaduni.

Jambo hilo lina historia yake, na mimi naiona kuwa sehemu nzuri kuliko zote. Mwaka 1945, Japani iliposhindwa vita, jeshi la Marekani liliamuru silaha zote zikabidhiwe, na panga za kurithi zikaingia humo humo pamoja na bunduki. Familia zilitoa panga za mababu zikarundikwa ghalani. Ghala la Akabane, kaskazini mwa Tokyo, lilijaa maelfu. Nyingine ziliyeyushwa, nyingine zikatupwa baharini. Mtaalamu wa panga Homma Junji alikwenda kumwona Kanali Cadwell wa polisi wa jeshi la Marekani, akamwekea mezani panga bora ili ajionee mwenyewe kuwa hizi si zana za vita tu. Kanali alishawishika. Mwaka 1946 ikatoka amri iliyoruhusu panga zenye thamani ya sanaa kubaki kwa wenyewe, na mwaka 1950 usajili ukatoka mikononi mwa polisi ukapelekwa kwa watu wa urithi wa utamaduni. Vyeti vya kwanza vya mfumo huo ni vya mwaka 1951. Mpaka leo wakusanyaji wakiona tarehe ya mwaka huo hutulia na kuangalia mara mbili, kwa sababu nyumba za mabwana wakubwa wa zamani zilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kusajili.

Cheti chenyewe ni kikaratasi kidogo. Kina namba, aina ya upanga, urefu wa makali, kiasi cha upinde wake, idadi ya matundu ya kijiti kinachoshikilia mpini, na saini ya mhunzi iliyochongwa kwenye shina la chuma, yaani sehemu inayojificha ndani ya mpini, kama ipo. Jina la mmiliki halimo kabisa. Cheti ni cha upanga, nao huzunguka nacho mkono hadi mkono, kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana mnunuzi makini pale sokoni hakimbilii kutazama makali. Huomba mpini uvuliwe, akahesabu matundu kwenye shina, akalinganisha saini na urefu na kile kilichoandikwa. Karatasi ikisema tundu moja na chuma kina mawili, biashara inasimama hapo hapo mpaka bodi ya elimu iulizwe.

Turudi kwenye treni. Sheria inamtaka anayebeba upanga awe na cheti chake muda wote, na polisi akikiomba akitoe. Hata hivyo cheti peke yake hakimtoshi. Lazima awe na sababu halali ya kuwa na upanga nje ya nyumba: anaupeleka sokoni, kwa fundi wa kung'arisha, au kwenye ukumbi wa mazoezi. Kusema “nimeubeba nijilinde” hakukubaliki, na nadhani ndivyo inavyopasa, maana anayejilinda kwa upanga tayari amekwisha kuufanya silaha.

Kisha kuna ufungaji. Upanga wa mkusanyaji mara nyingi haukai katika ala ya fahari yenye kamba za hariri. Huhifadhiwa katika ala ya mti mtupu, laini, isiyopakwa rangi, ili chuma kipumue na kisishike kutu. Kabla ya safari mwenyewe huufuta kwa karatasi laini, akaupaka utando mwembamba wa mafuta yaitwayo choji. Neno hilo kwa Kijapani ni karafuu, na kwa desturi mafuta hayo hunukia karafuu; Mpemba akiingia chumba hicho angeitambua harufu kabla hajauona upanga. Chuma hakiguswi kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho la kidole kimoja huacha alama ya kutu. Ala huingizwa kwenye mfuko wa kitambaa, mdomo ukafungwa kwa kamba, na mfuko ukaingia kwenye kasha gumu, ambalo wengi hulitia kufuli. Mtu hawezi kuuchomoa ghafla kwa hasira. Tangu Aprili 2019 kanuni za reli nazo zinataka chochote chenye makali kifungashwe vizuri ndipo kiingie behewani. Kanuni hiyo ilikuja baada ya mtu mmoja kuwashambulia abiria kwa vitu vyenye makali katika treni ya mwendo kasi, Juni 2018, na abiria mmoja akafa.

Visu vidogo havina cheti, kwa hiyo vinabaki na sababu tu. Kisu cha zaidi ya sentimita 6 hakibebwi bila sababu halali. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 2 au faini isiyozidi yeni 300,000. Visu fulani vya kukunja vimeachiwa nafasi kidogo, kulingana na urefu, upana na kama vina kikaza cha kuzuia makali yasijikunje. Mji wa Seki, mkoa wa Gifu, umefua vyuma tangu enzi za samurai, na kila mwaka majira ya vuli una tamasha la visu linalovuta wakusanyaji wengi. Unaponunua kisu pale, kikafungwa na ukakipeleka nyumbani, sababu yako iko wazi. Kisu hicho hicho kikikutwa ndani ya gari mwezi mmoja baadaye, pale pembeni ya kiti, sababu ilikwisha siku uliyofika nyumbani.

Mlango wa sanaa nao una mpaka. Mtu mmoja alinunua sabeli, aina ya upanga wa Ulaya, nchini Hispania, akaomba isajiliwe Tokyo kama kitu cha sanaa. Bodi ilimkatalia, naye akapanda mahakama hadi ya juu kabisa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kuwa usajili huo ni wa panga za Kijapani tu. Kwa hiyo hata sabeli ya kupendeza namna gani, ikitoka Ulaya haipati karatasi hiyo. Panga nyingi zilizotengenezwa kiwandani wakati wa vita, kwa chuma cha kawaida badala ya kufuliwa kwa njia ya jadi, nazo hukataliwa, ijapokuwa ni za Japani kwenyewe. Hapa huwa nawahurumia wajukuu wanaofungua stoo ya babu wakakuta upanga usio na cheti. Kwanza wautolee taarifa polisi, ndipo waupeleke mbele ya wakaguzi wa bodi ya elimu siku ya ukaguzi. Ukionekana ni wa kiwandani, haurudi nyumbani.

Na pale sokoni, bei ikikubaliwa na fedha zikihesabiwa, muuzaji hufunga kamba ya mfuko na kukabidhi vitu viwili kwa pamoja, upanga na kikaratasi chake. Mmiliki mpya ana siku 20 za kutoa taarifa. Huipeleka kwa bodi ya elimu ya mkoa uliotoa cheti, hata kama yeye anaishi mwisho mwingine wa nchi, kwa sababu huko ndiko daftari la usajili wa upanga huo liliko.