Stesheni ya Crystal Palace High Level: moto haukuiua

Ukitaja stesheni ya Crystal Palace High Level, kusini mwa London, wengi wana jibu tayari: Crystal Palace, jumba la maonyesho la vioo lililokuwa hapo, liliungua, stesheni nayo ikafa. Sivyo. Jumba liliteketea usiku wa tarehe 30 Novemba 1936, ilhali abiria wa mwisho walipanda treni hapo Septemba 1954. Hiyo ni karibu miaka 18.

Kweli, moto uliiumiza vibaya, maana stesheni ilijengwa mwaka 1865 ili kuwashusha wageni mlangoni pa jumba. Ila udhaifu ulikuwepo tangu mwanzo. Jirani yake, stesheni ya Crystal Palace Low Level, ilikuwa imeitangulia kwa miaka 11, na njia ya High Level kupitia mtaa wa Nunhead ilikuwa ya kuzunguka. Hata umeme ulioletwa mwaka 1925 haukuiponya. Vita vikaifunga mwaka 1944, ikafunguliwa 1946, ikabakiza miaka minane tu. Low Level inatumika hadi leo.

Wengine humlaumu Dkt. Beeching kwa sababu alishauri reli nyingi za Uingereza zifungwe. Hapa anaonewa. Ripoti yake ilitoka mwaka 1963, na jengo la stesheni lilikuwa limebomolewa 1961.

Na ile hadithi ya behewa lililofukiwa ardhini hapo, likiwa na mifupa ya abiria ndani yake, je? Imezaliwa na reli ya majaribio ya mhandisi Thomas Rammell, ambayo behewa lake lilisukumwa kwa hewa ndani ya bustani ya jumba mwaka 1864, mwaka mmoja kabla ya High Level. Ilifanya kazi karibu miezi miwili. Hakuna kumbukumbu ya abiria aliyepotea.

Linaloniuma zaidi ni kusikia kwamba hakuna kilichobaki. Kipo! Chini ya barabara ya Crystal Palace Parade kuna ukumbi wa matofali uliowapitisha abiria kutoka stesheni hadi jumbani. Nguzo zake zina pembe nane, na kila moja hufunguka juu kama makuti ya mnazi. Husemwa kwamba waliojenga ni mafundi wa makanisa kutoka Italia, ushahidi haujapatikana. Wakati wa vita watu walijificha humo kukwepa mabomu. Mwaka 2024, baada ya ukarabati, ukafunguliwa tena. Simama katikati, inua macho: tofali jekundu, tofali la rangi ya maziwa, jekundu tena, nguzo hadi nguzo, kuelekea upande wa stesheni ambayo haipo.