Tumbo linamuuma kila Jumatatu na vipimo vyote safi

Wazazi wa Tanga naomba tuongee hili la watoto kuumwa tumbo, maana wanaletwa sana hospitali. Mtoto kapimwa malaria hana, UTI hana, choo hakina shida, dawa za minyoo kashameza, na bado kila Jumatatu akishavaa yunifomu anashika tumbo analia kichefuchefu, ukimwacha nyumbani saa nne unamkuta uani anacheza rede. Hapo ndo tunasema anajidai. Hajidai jamani, yale maumivu anayasikia kweli. Mtu akiogopa mwili unamwaga adrenalini, homoni ya kushtuka, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linapungukiwa damu na kuanza kunyonga. Hofu ya shule ikiondoka mwili unatulia, ndo maana anacheza.

Kuna kitabu cha katuni kinaitwa Guts, cha Mmarekani Raina Telgemeier, kilitoka 2019, ni maisha yake mwenyewe alipokuwa darasa la nne. Aliugua tumbo, toka hapo akaingiwa na hofu ya kutapika, vyakula akawa anachagua, shule anakosa, mpaka wazazi wakampeleka kwa mshauri nasaha. Nilichokipenda ni kwamba haponi kwa siku moja, hofu inarudi rudi ila anajifunza kuhema taratibu na kusema kinachomsumbua.

Ni cha Kiingereza ila michoro inaongea, ukikipata kaa na mwanao mkekani, fungua ukurasa muulize "huyu anasikiaje tumboni?" Mtoto wa darasa la nne, na kwetu ndo darasa la mtihani wa taifa, hawezi kukwambia ana wasiwasi, lakini kidole chake kitaenda kwenye picha. Hapo muulize kuhusu fimbo, wanaomwonea, hata choo cha shule.

Kombe na dua mpeni, sizuii. Ila msimzoeze kubaki nyumbani, kila akibaki hofu inazidi kukua, bora uongee na mwalimu wake aende hata nusu siku. Na msisubiri akue, Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18.

Akiwa na homa, anapungua uzito, choo kina damu au maumivu yanamwamsha usiku, hiyo sio hofu tena, mrudisheni kwa daktari haraka. Na kama vipimo ni safi ila shule imeshamshinda, njooni hospitali ya Bombo hapa Tanga muulizie huduma ya afya ya akili, na mtoto mje naye.