Jamhuri ya Afrika ya Kati: Dola Iliyoanza kama Shamba la Kampuni

Anayetaka kuelewa kwa nini madaraka mjini Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, yameshikwa kwa bunduki mara nyingi kuliko kwa kura hana budi kuanzia mwaka 1899. Mwaka huo Ufaransa iligawa sehemu kubwa ya milki yake ya Afrika ya Kati, pamoja na nchi iliyokuja kuitwa Ubangi-Shari, ambayo leo ndiyo Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa kampuni zipatazo 40 zilizotaka mpira na pembe za ndovu. Mwanamume asiyetimiza kiasi cha mpira alichopangiwa aliweza kunyang'anywa mke na watoto, wakafungiwa mpaka mzigo ukamilike. Mwaka 1905 mpelelezi wa Kifaransa Pierre Savorgnan de Brazza alitumwa kuchunguza ukatili huo, lakini alifariki njiani akirejea, na serikali ikaificha ripoti yake. Kwa wanavijiji, basi, serikali ilikuwa ni yule anayekuja kuchukua.

Barthélemy Boganda alikulia ndani ya maumivu hayo, kwa kuwa mama yake aliuawa kwa kipigo cha walinzi wa kampuni. Akawa padri, akaingia Bunge la Ufaransa mwaka 1946, na mwaka 1949 akaanzisha chama cha MESAN. Kauli yake kwa Kisango, "zo kwe zo", yaani kila mtu ni mtu, ilikuwa jibu kwa mfumo uliompima binadamu kwa kilo za mpira. Alifariki katika ajali ya ndege tarehe 29 Machi 1959, na pengo lake, kwa maoni yangu, halijazibika hadi leo.

David Dacko, rais wa kwanza, aliongoza uhuru tarehe 13 Agosti 1960. Mkuu wa jeshi Jean-Bedel Bokassa alimpindua usiku wa kuamkia 1966, akajivika taji la mfalme mkuu mwaka 1977, na miaka miwili baadaye wanajeshi wa Ufaransa wakamrudisha Dacko. Jenerali Kolingba alitwaa nchi mwaka 1981, Bozizé mwaka 2003, na waasi wa Séléka, wengi wao Waislamu, mwaka 2013, ndipo mapigano yao na wanamgambo wa Anti-balaka, wengi wao Wakristo, yalipowatenganisha Waislamu na Wakristo waliokuwa majirani.

Ni mara mbili tu ambapo kura imemkabidhi mtu mpya urais: Patassé mwaka 1993 na Touadéra mwaka 2016. Katiba iliyopitishwa mwaka 2023 iliondoa ukomo wa mihula.