Ngano nimeacha, mbona tumbo bado linavuruga? Maswali na majibu

Majibu haya ni kwa wenzetu wa Bukavu walioambiwa na daktari waache gluteni kwa sababu ya ugonjwa wa siliaki. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, inafanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba.

Sijagusa mkate wala maandazi, na usiku tumbo limenisokota. Nishuku chakula gani?

Usikimbilie chakula cha mwisho. Mtu anaumwa baada ya sombe (majani ya muhogo), anaisusa sombe mwaka mzima, na kumbe kilichomuumiza alikila jana yake. Angalia saa kwanza. Kutapika kwa ghafla ndani ya saa 1 hadi 6 mara nyingi ni sumu ya bakteria katika chakula kilicholala bila baridi, kama wali wa jana. Gluteni inaweza kuanza kusumbua baada ya saa chache au kesho yake, na tumbo likabaki limejaa gesi siku kadhaa. Bakteria ya Salmonella yaweza kungoja hata siku kadhaa. Kwa hiyo rudi nyuma siku 3.

Kisha uliza nani mwingine ameumwa. Kama nyumba nzima inakimbilia choo, tafuta kosa kwenye maji au chakula kilichoharibika. Gluteni itakuchagua wewe peke yako.

Nilikula bugali ya muhogo na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) tu. Gluteni ingetoka wapi?

Muhogo, mahindi, mtama, ulezi, mchele, ndizi na viazi havina gluteni. Shida huingia njiani, na mahali pa kwanza ninapopashuku ni mashine ya kusagia. Simama pale siku moja uangalie: mama mmoja anamwaga ngano na soya za uji wa mtoto, unga unatoka, na kabla vumbi halijatulia muhogo wako unamwagwa juu yake. Unga wa kwanza unaojaa mfuko wako ni mabaki yake. Chakula kinachoandikwa kuwa hakina gluteni, kwa kanuni ya kimataifa ya chakula iitwayo Codex, hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa mwenye siliaki, miligramu 50 tu kila siku zinatosha kuumiza utumbo, wakati kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi. Kwa hiyo tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, au twanga nyumbani kwa kinu chako.

Halafu uliza juu ya sambaza. Zilikaangwa katika mafuta yaliyotoa maandazi asubuhi? Zilizungushwa kwenye unga wa ngano kwanza? Sambaza za kukausha, ukizipika mwenyewe, hazina hatari hiyo. Na kibu (kiungo cha kiwandani) ulichotia kwenye mchuzi, soma karatasi yake. Maandishi huwa ya Kifaransa, basi tafuta maneno blé, froment, orge, seigle na malt. Ukikuta mojawapo, kiache.

Na pombe?

Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa shayiri, ziache. Kasiksi ni ya ndizi na mtama, lakini muulize mpishi wake mtama ulisagwa wapi.

Komunyo je? Naona aibu kumuuliza padri.

Usione aibu, hostia, yaani mkate wa Komunyo, ni ngano. Barua ya Vatikani ya 2003 inakubali hostia zenye gluteni kidogo sana, na inamruhusu mlei asiyeweza hata hizo apokee divai peke yake. Mwambie padri mapema, tena akupe kikombe ambacho hakikutiwa kipande cha hostia.

Je, yawezekana si gluteni kabisa?

Ndiyo, na mara nyingi. Utumbo ulioumizwa na siliaki unashindwa kusaga sukari ya maziwa mpaka upone. Maharagwe na vitunguu huleta gesi kwa watu wengi. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Na hapa kwetu kila tumbo linaitwa amiba (kijidudu cha utumbo), watu wananunua dawa bila kupima choo. Pima kwanza, maana ugonjwa wa giardia, kijidudu kingine cha utumbo, nao hufanana sana na siliaki.

Nitajuaje kwa hakika?

Andika kwenye daftari saa ya kula, kila kilichoingia chunguni, nani alipika, unga ulisagwa wapi, maji gani ulikunywa, na saa maumivu yalipoanza. Kitu kikijirudia, kiondoe peke yake wiki 2, kisha kirudishe peke yake na ungoje siku 3. Ukiondoa vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuumiza. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alipata nguvu ya kuishuku ngano kwa kuangalia hivyo hivyo: katika njaa ya 1944–1945 mkate ulipokosekana wagonjwa wake wa siliaki walipata nafuu, uliporudi wakaugua tena. Lakini wewe usijijaribu kwa ngano yenyewe.

Niliacha ngano mwenyewe, sijapimwa.

Basi mwone daktari kabla ya kuendelea. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini za ulinzi zinazotengenezwa na mwili, na ukiwa umeacha ngano muda mrefu zinapungua, jibu linatoka kwamba huna ugonjwa na kumbe unao. Yeye ndiye atakuambia kama urudie ngano kwa muda kabla ya kupimwa.

Wakati gani niache daftari nikimbie hospitali?

Ukihara maji meupe kama ya kuoshea mchele, ukiona damu, ukiwa na homa kali, midomo ikivimba au pumzi ikibana, au mtoto akilegea na kukataa kunywa. Kipindupindu hakijatuacha pembeni mwa ziwa Kivu, na kinaua kwa saa chache. Kama dawa ya unga ya maji na chumvi haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anza kunywa kidogo kidogo huku mkiwa njiani.